Maswali Yenu: Mafuta ya Chakula na Usingizi Wako

Tangu tuongelee usingizi toleo lililopita, meseji hazijakata, na karibu nusu yake zinarudi kwenye sahani ya usiku, hasa sahani yenye mafuta. Nimezisoma zote jamani, siwezi kuzijibu zote, nimechukua zile ambazo naona jibu lake litawasaidia na wengine wenye shida hiyohiyo.

"Nalala saa 8 nzima lakini naamka nimechoka"

*Shikamoo mshauri. Mimi napanda kitandani saa 4 usiku naamka saa 12 asubuhi, simu nazima, kahawa jioni sigusi. Ila naamka mwili mzito kama nilikuwa nabeba mizigo usiku kucha. Sikoromi, nimepima damu nikaambiwa niko sawa. Kitu ambacho sijabadilisha ni msosi, mchana sipati nafasi ya kula kwa hiyo usiku ndio najilia vizuri, vya kukaanga na nyama ya mafuta, afu nalala. Inaweza kuwa ndio hiyo? Mama wa wawili.*

Marahaba mama. Inaweza kabisa, na nimefurahi umeandika manake barua yako inagusa kitu ambacho wengi wetu tunakikosea, tunahesabu saa tu, tukifika 8 tunaona kazi imekwisha, wakati usingizi una kina chake na hicho kina ndicho kinachompumzisha mtu.

Usiku ukilala ubongo unapanda na kushuka kwenye hatua kadhaa. Kuna usingizi mwepesi, kuna ule wa ndoto, na kuna usingizi mzito ambao hata ukiitwa jina husikii. Kwenye huo mzito mawimbi ya umeme ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, na unakuja zaidi mwanzoni mwa usiku, zile saa za kwanza kwanza, yaani palepale ambapo tumbo lako wewe mama bado linahangaika na ile nyama.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala kule Sweden waliwachukua vijana wa kiume 15 wenye afya na uzito wa kawaida, kila mmoja akala wiki nzima chakula bora, na wiki nyingine akala chakula chenye sukari nyingi na mafuta mengi yanayoganda. Kalori walizisawazisha, kwa hiyo huwezi kusema upande mmoja walishiba zaidi. Wakawalaza maabara wakawapima ubongo. Saa za kulala zilitoka sawa, hata muda waliokaa kwenye kila hatua ya usingizi ulikuwa uleule, ila ule usingizi mzito wenyewe ulikuwa umepungua nguvu, yale mawimbi ya polepole yalikuwa hafifu baada ya wiki ya chakula kibovu. Yaani ukiangalia saa ya ukutani kila kitu kiko sawa, ukiangalia ubongo, mtu hakuzama. Nikisoma barua yako ndio hao vijana nawaona.

Kuna na utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliotoka 2016, huo ulikuwa na watu wazima 26, wanawake na wanaume. Siku za mwanzo walipewa chakula kilichopangwa na wataalamu wa lishe, chenye mafuta yanayoganda kidogo, siku ya mwisho wakaachiwa wajichagulie wanachotaka. Walipokula cha kupangiwa walipata usingizi kwa wastani wa dakika 17, walipojichagulia wakachukua dakika 29. Na waliokula nyuzinyuzi nyingi walikaa zaidi kwenye usingizi mzito, wakati mafuta yanayoganda yakiongezeka usingizi mzito unapungua, na sukari ikizidi mtu anashtuka shtuka zaidi usiku. Mimi kilichonigusa hapo sio dakika, ni kwamba tofauti ilionekana kwa siku moja tu ya kula ovyo.

Pengine unajiuliza mafuta yanayoganda ndio yapi. Leo usiku ukipika nyama yenye mafuta acha kidogo kwenye sufuria bila kuosha, asubuhi angalia. Utakuta utando mweupe umeshikilia pembeni, ukikwangua kwa kijiko unatoka kipande kizima kama nta. Hayo ndio yenyewe, na siagi ni hayohayo, na mafuta mengi ya viwandani yaliyo magumu kwenye kopo. Yale yanayobaki maji maji kama ya alizeti na ya zeituni ni familia nyingine, na mafuta ya samaki nayo ni familia nyingine tena, tutayafikia.

Kwa hiyo mama yangu sikwambii uache kula nyama, nakuomba ugeuze siku yako. Tafuta namna ya kula mchana hata kama ni kidogo, manake njaa ya kutwa nzima ndiyo inayokupeleka kwenye sahani kubwa ya usiku, afu cha usiku kiwe mapema, kama unalala saa 4 basi saa 1 uwe umemaliza, na ndani yake kuwe na maharage au dengu au mboga za majani za kutosha, hizo ndizo zenye nyuzinyuzi. Vya kukaanga vihamie mchana na visiwe vya kila siku. Ukifanya hivyo wiki 3 na uchovu uko palepale, rudi hospitali uwaambie wakupime usingizi wenyewe sio damu tu, manake kuna watu wanakosa hewa usiku bila kukoroma kwa sauti.

"Kiungulia kinaniamsha saa 8 usiku"

*Mambo vipi mshauri. Nikila chakula cha mafuta usiku lazima niamke saa 8, kifua kinawaka moto, mdomoni kuna uchachu, nakaa kitako nusu saa ndio narudi kulala. Mchana nikila chakula hichohicho sina shida. Kwa nini usiku tu?*

Poa kaka. Jibu liko kwenye mlango mdogo ulio kati ya koo la chakula na tumbo, ni msuli wa mviringo, unafunguka chakula kikipita afu unajifunga. Chakula chenye mafuta mengi kinafanya vitu viwili kwa mpigo, kinalegeza huo msuli, na kinakaa tumboni muda mrefu kuliko chakula kingine, kwa sababu mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba homoni zinatoka kuliambia tumbo lipunguze mwendo. Mchana umesimama au umekaa, asidi inabaki chini kwa uzito wake tu. Usiku umelala, tumbo na koo viko usawa mmoja, mlango umelegea na tumbo bado limejaa, asidi inapanda bila kizuizi. Afu ukiwa usingizini humezi mate kama mchana, na mate ndiyo yanayosaidia kuiosha ile asidi.

Fanya hivi. Saa 3 kati ya chakula na kitanda, hapo usijidanganye kwamba saa moja inatosha. Lalia ubavu wa kushoto, sio imani hiyo, ukilala kushoto tumbo linakuwa chini ya koo na asidi haipandi kirahisi, ukilala kulia ni kinyume chake. Na kitanda kiinue upande wa kichwa, weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda sentimita 15 hadi 20. Wengi wanarundika mito, mito inakukunja kiunoni, tumbo linabanwa na hali inazidi kuwa mbaya.

Ila kama inatokea zaidi ya mara 2 kwa wiki, au chakula kinakwama ukimeza, au unapungua uzito bila sababu, au unatapika damu au choo kinakuwa cheusi, hayo sio ya kuniandikia mimi, nenda kwa daktari. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, yanayokuja na jasho, hayo yasisubiri asubuhi, watu wamepoteza maisha wakidhani ni kiungulia.

"Samaki na kapsuli za omega-3"

*Nimesikia mafuta ya samaki yanaleta usingizi. Ni kweli au ni biashara tu? Ninunue kapsuli?*

Kuna ukweli ndani yake, ila biashara nayo imeurukia.

Ubongo wenyewe, ukiondoa maji, kwa sehemu kubwa ni mafuta, na mafuta mojawapo muhimu kwenye kuta za seli zake ni DHA, ambayo ni omega-3 inayopatikana kwa wingi kwenye samaki wenye mafuta kama salmoni, sadini na jodari. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wanaume 95, kundi moja lilikula salmoni gramu 300 mara 3 kwa wiki kuanzia Septemba mpaka Februari, kundi lingine likala kuku, nguruwe na ng'ombe. Kipindi hicho, ambacho kwao ni cha baridi na giza, kilivyosonga, kundi la nyama walianza kuchukua muda mrefu zaidi kupata usingizi, na kundi la samaki walikuwa wanaendesha vizuri zaidi shughuli zao za mchana. Watafiti waliona inawezekana vitamini D ya samaki nayo ilichangia, kwa hiyo usiibebe kama ushahidi wa omega-3 peke yake.

Msimamo wangu, kula samaki. Mara 2 kwa wiki, kiasi ambacho hata wataalamu wa moyo wanakishauri, ila wa kuchemsha, wa kuoka au wa kuchoma. Samaki akishazama kwenye karai la mafuta ya kukaangia umemwongezea mzigo uleule tunaoukimbia. Kwa asiyekula samaki, mbegu za kitani, mbegu za chia na karanga za jozi (walnut) zina omega-3 ya aina nyingine ambayo mwili unaibadilisha kuwa DHA kwa kiasi kidogo tu, ni nzuri kwa afya lakini sio sawa na samaki.

Kapsuli mimi sikusukumi. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda ongea kwanza na daktari wako, na usijiongezee dozi kwa kudhani zaidi ndio bora, dozi kubwa za gramu 4 kwa siku zimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo kwa baadhi ya watu.

"Mume wangu anakoroma mpaka pumzi inakata"

*Dada mshauri, mume wangu uzito umepanda, usiku anakoroma afu ghafla kimya, nahesabu sekunde, afu anashtuka kama anazama. Mchana analala kwenye kiti. Yeye anasema ni uchovu wa kazi. Je mafuta anayokula yana uhusiano?*

Dada yangu, hiyo unayohesabu usiku ni ya kweli, usikubali kuambiwa ni uchovu. Njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha ili asife, na hilo linaweza kujirudia mara nyingi mno kwa saa moja bila yeye kukumbuka asubuhi. Presha na moyo vinaumia humo humo.

Uhusiano na mafuta upo kwa njia mbili. Utafiti wa Australia uliotoka 2016, wa wanaume zaidi ya 1,800 wa miaka 35 hadi 80, ulikuta waliokula mafuta mengi zaidi ndio waliosinzia zaidi mchana na ndio waliokuwa na hiyo hali ya kukata pumzi zaidi, ni uhusiano tu huo, mtu aliyechoka naye anakimbilia vya mafuta. Njia ya pili iko wazi zaidi, ni uzito, na sio kitambi peke yake. Ulimi wenyewe unanenepa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2020 waliwapiga picha watu 67 wenye unene na tatizo hilo kabla na baada ya kupungua karibu asilimia 10 ya uzito, kukata pumzi kukapungua kwa asilimia 31, na kwenye njia ya hewa kilichochangia zaidi ni mafuta ya ulimi kupungua. Fikiria ulimi mzito, mtu amelala chali, misuli imelegea, unarudi nyuma na kuziba koo.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo kupunguza mafuta ya kupikia ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini usimsubirishe mpaka akonde. Mrekodi kwa simu dakika chache usiku huu huu, kesho umwonyeshe, wengi wanaogoma kusikia maneno wakijiona wanakubali, afu mwende hospitali akapimwe. Na mpaka apimwe asiendeshe gari safari ndefu, hapo nakuomba sana usimwonee haya.

"Nikilala vibaya natamani vya mafuta, nina tatizo gani?"

*Yaani kuna wiki nalala saa 4 tu kwa usiku kwa sababu ya kazi, na wiki hiyo nakula chips na keki kama sina akili. Nikipumzika wikiendi hamu inaisha. Najiona sina nidhamu.*

Acha kujilaumu mdogo wangu, huo ni mwili wako unafanya kazi yake. Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2004 waliwalaza vijana 12 kwa saa 4 tu kila usiku kwa siku 2, wakawalinganisha na walipopewa saa 10 kitandani, homoni ya kushibisha ikashuka asilimia 18 na ya njaa ikapanda asilimia 28. Mwaka 2016 wakarudia kwa njia nyingine hapohapo Chicago, watu 14, usiku 4 wa saa 4 na nusu, wakakuta kwenye damu kemikali ambayo mwili unaitengeneza yenyewe na inayofanya kazi mahali palepale bangi inapofanyia kazi, ile inayofanya kula kuwe kutamu, ilipanda mchana na kubaki juu mpaka jioni. Hao watu walikuwa wamekula mlo mzima saa chache tu nyuma, lakini walipowekewa vitafunwa walikula vyenye mafuta karibu mara 2 ya walivyokula walipolala vizuri.

Unaona mduara huo? Unalala kidogo, unatamani mafuta, unakula mafuta usiku, usingizi unakuwa hafifu, kesho unatamani tena. Kwa hali yako mimi ningeanzia kwenye kitanda kabla ya sahani, hata dakika 45 za ziada kwa siku zina maana. Na wiki ukijua itakuwa ngumu andaa vitafunwa mapema, karanga, matunda, mayai ya kuchemsha, manake saa 5 usiku hakuna mtu mwenye nguvu ya kuchagua, utakula kilicho karibu.

"Naingia shifti ya usiku, nile nini?"

*Natoka kazini saa 12 asubuhi, chakula cha kazini ni saa 9 usiku na kimejaa mafuta.*

Mlo mkubwa ule kabla hujaingia kazini. Saa 9 usiku tumbo lako nalo liko kwenye ratiba ya usiku hata kama macho yako wazi, lipe kitu chepesi, supu, mtindi, matunda, na asubuhi kabla ya kulala kula kidogo usilale na njaa. Hiyo ya kukaanga ya kazini kama ndiyo pekee iliyopo, kula nusu.

"Nimeanza kuacha wanga kabisa, nakula mafuta tu"

*Niko wiki ya kwanza, nakosa usingizi. Itaisha?*

Kwa wengi siku za mwanzo huwa ngumu na baadaye hutulia. Nikuambie na upande wa pili ili usiseme nakuficha, mwaka 2008 wanaume 14 wenye afya walipewa chakula karibu hakina wanga kabisa kwa siku chache, usingizi wao mzito uliongezeka, ila usingizi wa ndoto ukapungua. Kwa hiyo mafuta sio adui kila mara, inategemea yamekaa na nini kwenye sahani. Lakini ilikuwa siku chache tu, na vijana wazima. Kama una kisukari na unatumia dawa, usiendelee bila daktari wako kujua, sukari inaweza kushuka usiku ukiwa umelala.

"Nikibadilisha chakula nitaona tofauti lini?"

*Sina subira mshauri, niambie ukweli.*

Dakika za kupata usingizi zinaweza kubadilika ndani ya siku chache, umeona hao wa Columbia. Kiungulia nacho ni haraka, wiki moja ukiweka zile saa 3 utajua. Kukoroma ni miezi, kunafuata uzito.

Mimi mwenyewe nilipokuwa nakula usiku sana nilianza na daftari dogo pembeni ya kitanda, vitu vinne tu kwa siku, nimekula nini, saa ngapi, nimeamka mara ngapi, asubuhi mwili unajisikiaje kwa alama 1 hadi 5. Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote, niliandika tu. Ijumaa na Jumamosi, siku za kula vya kukaanga saa 3 usiku, alama zilikuwa 2 na 2, siku nyingine 4. Baada ya hapo sikuhitaji mtu wa kunishawishi. Anza leo na wewe, andika wiki 2, afu nitumie hizo alama zako tuziangalie pamoja toleo lijalo.